Seva, Bahari na Nyumba ya Wapangaji

Mtu asimamaye katika pwani ya Nyali saa za maji kupwa huona mchanga, mwani, miamba na ngalawa za wavuvi. Zaidi ya hayo haoni kitu. Walakini chini ya mchanga ule, na mbele zaidi katika sakafu ya bahari kuu, zimelazwa nyaya zibebazo maneno, picha, fedha na michezo ya mamilioni ya watu wa Afrika ya Mashariki. Mmoja wa nyaya hizo, uitwao LION2, ulianza kazi hapo Nyali mwaka 2012. Nyingine zilitangulia, na nyingine zimefuata. Insha hii nawaandikia wanafunzi wa sekondari, hasa wale wa Likoni, Kisauni na Changamwe, wachezao michezo ya kompyuta kila Jumamosi na kulalamika kila Jumatatu kwamba mchezo uliganda, na kwamba adui aliwaua kabla hawajamwona. Malalamiko yao nimeyasikiliza kwa miaka mingi. Ni ya haki, tena yana historia ndefu kuliko wanavyodhani.

Historia hiyo ilianza kabla ya kompyuta kuwako. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi kutoka Aden ulifika Unguja, ukaendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban. Mombasa haikupata kitu. Ilingoja mpaka mwaka 1890, baada ya kampuni ya Kiingereza kupewa hati ya kutawala na kufanya biashara katika pwani yetu, ndipo ulipolazwa waya mwingine baina ya Unguja na Mombasa. Fikiri basi hali ya mfanyabiashara wa Mombasa wa siku hizo. Akitaka kupeleka habari Bombay, ambako jahazi lilikwenda kwa pepo za kusi bila kupitia Unguja hata kidogo, habari yake ilishuka kwanza kusini mpaka Unguja, ndipo ikageuka kurudi kaskazini mpaka Aden, kisha ikashika njia ya mashariki. Ilifika upesi kuliko jahazi, hapana shaka. Lakini njia ilikuwa imepinda, na aliyeipinda si yeye. Likumbuke jambo hili, msomaji, kwa maana tutalikuta tena zaidi ya miaka 100 baadaye, likiwa limevaa nguo mpya.

Mwaka 1970 kilifunguliwa kituo cha setilaiti karibu na mlima Longonot, na kwa muda mrefu habari nyingi za Kenya zilipanda mbinguni kabla ya kwenda ng'ambo. Setilaiti za namna hiyo hukaa juu ya ikweta kwa umbali wa karibu kilomita 36,000. Swali moja na jibu lake hupanda na kushuka, kisha hupanda na kushuka tena, jumla kilomita 144,000. Nuru na mawimbi ya redio hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Gawanya mwenyewe, utaona kwamba karibu nusu ya sekunde imekwisha njiani, hata kama mashine za pande zote mbili hazikuchelewa hata kidogo. Kwa barua nusu sekunde si kitu. Kwa mazungumzo ya simu ni kero. Kwa mchezo ambao wachezaji wawili hupigana uso kwa uso, ni kifo.

Mimi mwenyewe nilikuwa katika vidato vya kati vya sekondari mwaka 2007, na nilikuwa mteja wa saiba moja ya Kisauni, chumba chembamba chenye kompyuta saba na feni moja. Tulicheza Counter-Strike. Tulipopigana sisi kwa sisi humo chumbani, mchezo ulikwenda kama maji. Siku tulipojaribu kuingia katika seva ya Ulaya, kila mmoja wetu aligeuka mlevi: ukibonyeza kwenda kushoto, mwili unasimama, halafu unaruka ghafula mahali usipopataka. Mwenye saiba, mzee mpole tuliyemwita Baba Mkubwa, alituambia kwamba laini yake ilikuwa nyembamba na kwamba mwezi ujao angenunua nene. Alinunua. Filamu zilishuka upesi zaidi. Mchezo ulibaki vile vile. Baba Mkubwa alidhani ametapeliwa, na sisi tulidhani hivyo hivyo.

Hakutapeliwa. Alichanganya mambo mawili ambayo hata watu wazima waliosoma huyachanganya, nayo ni upana wa njia na urefu wa safari. Mtu wa Mombasa ana mfano wake kila siku katika kivuko cha Likoni. Ukileta feri kubwa mara mbili, magari mengi zaidi yatavuka kwa safari moja, na foleni itapungua. Lakini muda wa feri kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile haupungui. Tena feri kubwa ina tabia ya kungoja ijae. Mwenye lori la simenti haoni shida. Mama anayemkimbiza mtoto hospitali huiona shida hiyo kwa uchungu. Filamu ni lori la simenti. Mchezo ni yule mama. Mchezo hauna mzigo mkubwa, ila hutuma pakiti ndogo ndogo mara nyingi katika kila sekunde, na kila moja yapaswa kufika sasa hivi au isifike kabisa, kwa sababu habari ya mahali alipokuwa adui kitambo kilichopita haimfai mtu.

Wataalamu wa ng'ambo walilijua tatizo hili mapema. Mwaka 1996 John Carmack alitoa namna mpya ya mchezo wa Quake, iitwayo QuakeWorld, ambamo kompyuta ya mchezaji haikungoja jibu la seva kabla ya kumsogeza. Ilikisia kwanza, kisha ikajisahihisha seva ilipojibu. Hila hiyo ni nzuri, na michezo mingi huitumia hata leo. Lakini kukisia kuna mpaka. Kompyuta yako yaweza kukisia mwendo wako wewe, maana inaviona vidole vyako. Haiwezi kukisia moyo wa adui yako aliye Nairobi au London.

Mwaka 2009 mambo yalibadilika. Tarehe 12 Juni mwaka huo waya wa TEAMS ulipokewa Mombasa kwa sherehe, na Rais Mwai Kibaki alihudhuria pale Ngome ya Yesu, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1593. Waya huo ulitoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, mwendo usiozidi kilomita 5,000, na serikali ya Kenya ilikuwa mmoja wa wenye hisa. Mwezi uliofuata waya wa SEACOM ulianza kazi, na mwaka 2010 ukaja EASSy. Katika nyuzi za kioo nuru hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda Fujairah na kurudi huchukua kama sehemu 50 katika sehemu 1,000 za sekunde. Ukilinganisha na zile 480 za setilaiti, utaelewa kwa nini vijana wa saiba walishangilia bila kualikwa katika sherehe.

Hata hivyo lilibaki jambo ambalo waya peke yake haukuweza kulitengeneza, nalo ni lile la mfanyabiashara wa mwaka 1890. Kabla ya kuwako mahali pa kampuni za intaneti kubadilishana mizigo yao, barua ya mtu wa Nairobi kwa jirani yake mwenye kampuni nyingine ilikwenda kwanza Ulaya au Marekani, ikageuka huko, ikarudi Nairobi. Mahali pa kubadilishana palifunguliwa Nairobi Novemba mwaka 2000, pakaitwa KIXP. Hapakudumu majuma mengi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba habari za nje, ililalamika, na wasimamizi wa mawasiliano wakapafunga. Yalifuata mabishano marefu, na mapema mwaka 2002 pakafunguliwa tena. Baadaye Mombasa nayo ilipata mahali pake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba safari za ndani ya Kenya, ambazo zamani zilichukua sehemu 200 mpaka 600 katika 1,000 za sekunde, zilikuwa zimeshuka hadi 2 mpaka 10. Katika historia ya mawasiliano yetu naliona jambo hili kuwa kubwa sawa na kufika kwa nyaya zenyewe, ingawa hakuna rais aliyelikatia utepe.

Lakini njia fupi haina maana kama mwisho wa njia uko mbali. Hata M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007 na kutufanya tujulikane duniani, mashine zake zilikaa Ujerumani mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mtu wa Likoni alipomtumia mtu wa Mtongwe shilingi 200, hesabu ilifanyiwa Ulaya. Kama fedha zilisafiri hivyo, sembuse michezo? Ili kijana wa Kisauni na kijana wa Changamwe wacheze bila kuchelewa, seva ya mchezo lazima ikae karibu nao. Na hapa ndipo watu wa uchumi hukunja nyuso. Mchezo mmoja hujaa watu Jumamosi usiku na kuwa mtupu Jumatatu asubuhi. Nani atanunua mashine ya bei kubwa, ailipie umeme na baridi juma zima, kwa ajili ya saa chache?

Jibu la swali hilo lilitoka mbali na lilikuwa la kale. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa IBM huko Cambridge, Marekani, walitengeneza programu iliyoifanya kompyuta moja kubwa ijifanye kompyuta nyingi, kila mtumiaji akidhani anayo yake peke yake. Mwaka 1972 kampuni ikaitoa kwa wateja kwa jina la VM/370. Elimu hiyo ilikaa katika mashine kubwa kwa miaka mingi. Kampuni ya VMware iliileta katika kompyuta za kawaida mwaka 1999, na mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kikatangaza programu ya Xen. Kisha likatokea jambo ambalo wanafunzi wangu hulishangaa kila mwaka: ile huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta za namna hiyo kwa saa, iliyofunguliwa mwaka 2006 na kubadili biashara ya dunia nzima, ilitengenezwa na kikundi cha wahandisi kilichokuwa Cape Town. Ilijengwa Afrika, lakini Amazon haikuweka kituo chake kikubwa cha mashine hizo katika bara hili mpaka mwaka 2020.

Kompyuta hizi za ndani ya kompyuta huitwa mashine pepe. Mimi hupenda kuzieleza kwa nyumba ya Kiswahili. Mnaijua: ukumbi katikati, vyumba sita vya kupanga, uwani nyuma, na mlango mmoja wa barabarani. Mwenye nyumba amejenga mara moja, na wapangaji sita wamegawana ukuta, paa na kisima. Kila mmoja ana kufuli yake na hupika chakula chake. Bei hupungua kwa wote. Lakini mlango wa barabarani ni mmoja. Tuseme mwenye nyumba amemweka bawabu ukumbini, na kila mgeni, kila barua, kila ndoo ya maji, lazima ikabidhiwe bawabu, aiandike katika daftari, ndipo aipeleke chumbani. Mpangaji apokeaye mgeni mmoja kwa siku hataona tofauti. Mpangaji ambaye ni fundi cherehani, na wateja wake huingia na kutoka kila dakika, atahama.

Fundi yule ndiye seva ya mchezo. Katika mashine pepe za mwanzo, programu iliiga kadi ya mtandao, yaani iliigiza kwa maneno kazi ambayo chuma kilifanya kwa umeme, na kila pakiti ilimwamsha bawabu. Kwa kuwa gharama hutozwa kwa kila pakiti wala si kwa uzito wake, mchezo wenye pakiti ndogo nyingi uliumia kuliko filamu yenye pakiti kubwa chache. Watu wa michezo wakasema kwamba mashine pepe hazifai kabisa, na kwa wakati ule hawakusema uongo.

Dawa zilikuja kwa hatua. Kwanza ziliandikwa kadi za mtandao ambazo hazijifanyi chuma: mashine pepe inajua kwamba ni mpangaji, nayo hukubaliana na bawabu kuweka barua nyingi katika kapu moja. Katika Linux njia hii iliitwa virtio, nayo ilipata umbo lake mwaka 2008. Pili, wenye viwanda walikubaliana mwaka 2007 juu ya kanuni ya kuifanya kadi moja ya mtandao ijigawe yenyewe, kila mpangaji apewe kijilango chake cha barabarani, bawabu asimguse. Kasi ya njia hii hukaribia sana kasi ya mashine isiyogawanywa. Ina hasara yake: mpangaji mwenye kijilango chake ni vigumu kumhamishia nyumba nyingine usiku bila kumwamsha, jambo ambalo mashine pepe za kawaida hulifanya kwa urahisi. Kila tengenezo hapa lina bei yake, na mtu akikuambia kwamba lake halina, muulize tena.

Nilijidanganya kwamba kwa kuwa nimeyasoma haya nimeyajua. Katika chuo cha ualimu ninakofundisha tulipewa seva moja iliyokwisha kutumika mahali pengine, na kazi ya kuitengeneza niliichukua mimi pamoja na wanachuo wa klabu ya kompyuta. Tulipanga mashine pepe nne: ya maktaba, ya masomo, ya kuhifadhi kazi za wanachuo, na ya nne ya mchezo wa Minecraft, ambao wanachuo walitaka kuutumia katika mazoezi ya kufundisha vipimo na umbo. Siku ya kwanza mchezo ulikwenda vizuri. Siku ya pili, kundi la watoto 30 wa shule ya jirani lilipokuwa ndani, kila kitu kikasimama, kikaruka, kikasimama tena. Watoto walicheka, mimi sikucheka. Nilitangaza mbele ya wote kwamba kosa ni la mtandao, nikaandika barua ya kuomba fedha, na baada ya miezi miwili tukanunua swichi mpya. Mchezo ukaganda vile vile. Nilimkumbuka Baba Mkubwa wa Kisauni na laini yake nene.

Aliyelifumbua ni mwanachuo mmoja, binti wa Likoni, ambaye alikuwa na desturi ya kupima kabla ya kusema. Alikuja na karatasi. "Mwalimu," akasema, "samahani. Pakiti zinakwenda na kurudi kwa sehemu 2 tu katika 1,000, hata mchezo ukiwa umeganda. Mlango hauna foleni. Nadhani mpangaji mwenyewe amelala."

Ilikuwa hivyo. Minecraft huhesabu dunia yake mara 20 kwa sekunde, yaani kila hesabu ina sehemu 50 katika 1,000 na hakuna zaidi. Mimi, kwa tamaa ya kuonyesha kwamba mashine moja yaweza kubeba mengi, nilikuwa nimezigawia mashine pepe vichakataji vingi kuliko vilivyokuwako kwa kweli. Kila saa nne mchana, mashine ya kuhifadhi kazi ilipoanza kunakili, ilishika vichakataji, na mashine ya mchezo ikanyang'anywa zamu yake. Pakiti zilifika mlangoni kwa wakati, zikakaa ukumbini zikimngoja mtu wa kuzipokea. Machoni pa mchezaji hali hizo mbili hufanana kabisa, na ndiyo sababu mtandao husingiziwa mara nyingi.

Tuliupa mchezo vichakataji viwili visivyoguswa na mwingine. Kunakili tukakupeleka saa nane za usiku. Kadi ya kuigiza, ambayo niliiacha kwa uvivu, tukaiondoa tukaweka virtio. Kazi yote ilichukua alasiri moja na haikugharimu hata shilingi. Ile swichi mpya ingali inafanya kazi, na kila niipitapo naitazama upande mwingine.

Siku hizi mtu hahitaji kuomba nafasi Ulaya ili aweke seva. Kampuni ya iColo ilijenga nyumba ya seva huko Miritini, kupita Changamwe kwenye njia ya Nairobi, na nyingine Nyali, ambako mwenye mashine yake hupangisha nafasi, umeme na baridi. Wapangaji wengi humo ni kampuni kubwa za ng'ambo ziletazo picha na filamu karibu na watazamaji. Michezo bado ni michache. Sioni kwamba sababu ni ya ufundi tena, kwa maana milango, vijilango na vichakataji vimekwisha kujulikana; wenye michezo huhesabu wanunuzi, na wanunuzi wa pwani yetu bado wanahesabiwa kuwa wachache.

Na bahari haijaacha kuwa bahari. Februari 2012 nyaya zilikatika katika Bahari ya Sham, na kabla hazijatengenezwa meli moja iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja karibu na pwani ya Afrika ya Kusini, na nchi nyingi za huku zikapata intaneti ya kuvuta kwa kamba. Jumapili hiyo palikuwa na mashindano baina ya vijana wa Likoni na wa Kisauni katika mashine yetu kuukuu. Kila mmoja alicheza kutoka kwao. Filamu hazikufunguka, simu za ng'ambo zilikatika katikati ya salamu, lakini mashine ilijibu kama siku zote, kwa kuwa pakiti hazikuwa na haja ya kuvuka bahari. Likoni walishindwa. Nahodha wao alikuja kwangu Jumatatu, akasimama kitambo akitafuta neno la kusema juu ya mtandao, akaondoka bila kulipata.